Salamu Niliyoikata

Intro ya podikasti yangu ina sekunde kumi na saba. Nane za kwanza ni ilimba ya babu yangu, kile kisanduku chenye vyuma vyembamba vinavyochezwa kwa vidole gumba. Kisha sauti yake inasema kwa Kigogo na Kiswahili, "Mbukwenyi. Karibuni, kaeni hapa." Halafu naingia mimi, nimechangamka kama muuza nyanya, natangaza kwamba hiki ni kipindi cha habari za watu wa kawaida wa Dodoma. Basi. Watu wameisifia sana. Mimi siwezi kuisikiliza nikiwa na mtu karibu.

Wakati naitengeneza nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Ihumwa, na bado niko hapo hapo. Kidato cha nne kilinitoa na alama nisizopenda kuzisimulia, lakini kuongea najua tangu utotoni. Mama anasema nilikuwa nahoji hata kuku. Nilipopata simu inayorekodi sauti vizuri nikaamua nitakuwa na kipindi changu, na usiku huohuo nikaota nahojiwa mimi mwenyewe: dada, ulianzaje? Najibu kwa unyenyekevu mkubwa.

Aliyenifundisha ni mteja wetu, kijana wa chuo aliyekuwa akija kuchapa kazi zake. Alisikiliza majaribio yangu ya kwanza akiwa ameegemea mashine ya kopi, akacheka mpaka akavua vidude vya masikioni.

"Dada, dakika nne unasalimia? Hii siyo harusi."

"Sasa nisiwasalimie watu?"

"Salimia, lakini ujue mwenzio ameshika simu na kidole kiko tayari kukuhama. Intro ni mlango. Weka sauti moja ambayo mtu akiisikia tu anajua ni wewe. Sema wewe ni nani na yeye atapata nini. Usizidi sekunde ishirini. Pumzi, kikohozi, ukimya, kata vyote."

"Na mwisho?"

"Mwisho ndiyo outro. Shukuru, mwombe msikilizaji afanye jambo moja, moja tu, halafu toka. Wengi wenu mnaaga kama wageni wasiotaka kuondoka."

Niliandika yote nyuma ya karatasi iliyoharibika kwenye mashine, nikaibandika ukutani juu ya kitanda changu. Pale kwenye sauti moja sikuhitaji kufikiri. Nilimjua mwenye hiyo sauti.

Babu, baba yake mama, aliishi kijiji kimoja upande wa Mtera. Hapa lazima nieleze jambo. Yeye na mama walikuwa hawasemeshani tangu kabla sijazaliwa. Babu alikuwa Mgogo na mzee wa kanisa. Mama akaolewa na baba yangu, Mrangi wa Busi aliyekuwa akileta alizeti mjini, akabadili dini, na hakusubiri wazee wamalize mazungumzo yao. Babu hakulaani wala hakugomba. Aliacha tu kumtaja. Baba alipofariki, Babu alimtuma mtu alete debe la uwele, mwenyewe hakuja. Mama aliupika ule uwele, shukrani hakutuma. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa napita katikati yao kila likizo, na nikimtaja mama mbele ya Babu, alikuwa anageuka kutazama ng'ombe.

Siku niliyokwenda kumrekodi nilimkuta amekaa nje, ameegemea ukuta upande wenye kivuli.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekonda. Huko kwenu mnakula karatasi?"

Nikamweleza habari ya podikasti.

"Ni redio?"

"Kama redio, Babu, ila kila mtu anasikiliza saa anayotaka mwenyewe."

"Hao watu wako wangapi?"

"Bado hawapo."

"Unataka niwasalimie watu ambao hawapo?"

"Watakuja."

Akafikiri. Babu hakuwa mtu wa kujibu haraka. Ukimuuliza kitu, ungeweza kumenya muhogo mzima kabla hajafungua mdomo. "Haya," akasema mwishowe. "Nitawasalimia kana kwamba wamefika."

Akapiga ilimba kidogo, akailaza mapajani, akasalimia. Sasa, kwa Wagogo salamu haiishi kwenye mbukwenyi. Hiyo ni hodi tu. Unauliza nyumba, watoto, mifugo, shamba, mvua, kimoja kimoja, na kila kimoja kinajibiwa ndipo uende kwenye kingine. Kisha aliyejibu naye anageuza, anakuuliza wewe yote upya. Babu aliuliza nyumba, akaitazama simu, akangoja. Nikaelewa anataka ijibu. Nikajibu kwa niaba ya wasikilizaji wangu, "Salama, Babu." Akauliza watoto. Salama. Akauliza ng'ombe, na mimi nikawa nauma ukosi wa blauzi nisicheke. Alipomaliza mvua akanyamaza, akanyamaza mno, mpaka nikanyoosha mkono nizime. Ndipo akainama karibu kabisa na simu, kama anachungulia kisima.

"Na yule wa Ihumwa, kama naye anasikiliza. Nimeambiwa aliteguka mguu. Nauliza mguu."

Hapo sikujibu. Sikujua nijibu kwa niaba ya nani. Babu akangoja, kisha akaichukua ilimba akapiga tena, na baadaye tukala ugali na mlenda kama siku zote.

Rekodi yote ilikuwa dakika tisa nzima. Kesho yake wakati wa mapumziko ya mchana nilikaa nyuma ya duka nikaikata kama nilivyofundishwa. Nikatoa nyumba, watoto, ng'ombe. Nikatoa ukimya. Mguu nao nikautoa, kwa sababu nilijiuliza msikilizaji wa Kigoma anahusika nini na mguu wa mama yangu. Zikabaki zile sekunde, tamu, safi, na simu ilipogoma kwamba imejaa, nikaifuta ile ndefu nipate nafasi ya kipindi cha kwanza. Nilifuta huku naimba. Mama nilipanga kumwambia. Lakini habari za Babu nyumbani kwetu zilikuwa kama sufuria ya moto, unatafuta kwanza kitambaa cha kushikia, na mimi nikawa nangoja siku nzuri. Siku nzuri zilipita nyingi, nikiwa nazitumia kuhesabu wasikilizaji.

Wiki mbili baadaye Babu akapiga simu.

"Ile salamu imesikika?"

"Imesikika, Babu! Watu wanakusifu huku."

"Wote wamesikiliza?"

"Wote."

Nilidhani mtandao umekata.

"Hakuna aliyejibu?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Babu jamani, podikasti haijibiwi."

"Aa," akasema. "Sawa."

Alipiga tena mara mbili, akaniuliza vilevile, kwa maneno yaleyale. Nami nikajibu vilevile.

Alifariki kabla mvua hazijaanza, kifua kilimsumbua siku chache tu. Tulikwenda na mama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale tangu aondoke, na hakuingia ndani. Alisimama karibu na zizi, amejitanda khanga, mpaka mke wa mjomba akamshika mkono akampeleka walipokaa wanawake. Baada ya mazishi wale wanawake wakaanza kunichokoza, nadhani walitaka tu kupumzika na kilio: si wewe ndiye mtangazaji, hebu tusikie sauti ya mzee. Nikawasha.

Ilimba. Wote wakatulia. "Mbukwenyi. Karibuni, kaeni hapa."

"Mbukwa," mama akaitika. Ilimtoka yenyewe, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa. Halafu sauti yangu ikaingia na uchangamfu wake, nikaizima haraka.

"Mbona umezima? Acha iendelee," mama akasema.

"Ya Babu imeishia hapo, mama."

"Haijaishia. Baba hakuwahi kumsalimia mtu hivyo. Hajauliza hata watoto. Nyingine iko wapi?"

Wale wanawake wakatazamana. Wasikilizaji wangu wote hakuna aliyewahi kuona kwamba salamu ile ina jeraha. Mama aliliona mara moja. Nikamwambia palepale. Kila kitu, mpaka simu zile tatu.

"Aliuliza mguu?"

"Ndiyo, mama."

"Akangoja?"

"Akangoja."

"Na alipopiga simu, ukamwambia nimesikia."

Nilitaka anipige, au aseme neno lolote baya ambalo ningeweza kulibeba. Yeye aliinuka tu, akaenda kuosha masufuria na wenzake, akiegemea mguu mzima.

Tuliporudi nilimpelekea yule kijana wa chuo simu yangu. Aliiunganisha na kompyuta yake siku mbili mfululizo, hatanii tena. "Dada, imefutwa na vingine vimeshaandikwa juu yake," akaniambia. "Pole. Ni mimi niliyekwambia ukate." Nikamwambia hapana, wewe ulisema pumzi na kikohozi. Mguu hukuutaja.

Niliacha kipindi kwa miezi kadhaa. Vile vichache nilivyokuwa nimeweka havikuwa hata na outro. Nilikuwa nimeandika nyingi, napendeza kweli, nawaomba watu wasambaze kwa marafiki, lakini kila niliyoirekodi ilisikika kama mtu anayewafukuza wageni kwa tabasamu. Basi vilikuwa vinaishia vinapoishia.

Asubuhi moja mama alikuwa amekaa uani anapepeta uwele. Mvua ilikuwa imeshapiga mara mbili. Akaniuliza bila kuinua macho, "Kile kipindi chako kina mwisho?"

"Hakina. Nimeshindwa."

"Lete simu."

Nikaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikataka kumweleza namna ya kukaa nayo, akanionyesha kwa kidevu ninyamaze. Akaweka ungo chini. Akavuta khanga vizuri kichwani, kama mtu aliyefikiwa na mgeni wa heshima.

"Mbukwa, baba," akasema.

Kisha akajibu. Hakuniuliza Babu aliuliza nini. Utaratibu anaujua tangu anajifunza kusema. Nyumba salama, bati moja limetoboka. Watoto salama, huyu wako anajifunza kazi ya kuongea. Mifugo hatuna, tuna kuku watano. Shamba tumelima kipande kidogo kule nyuma. Mvua imeanza. Alikuwa akiacha nafasi kati ya jibu na jibu, akingoja swali lifike. Alipofika mwisho akajipapasa kwenye kifundo cha mguu.

"Mguu umepona. Unasumbua asubuhi, kukiwa na baridi. Nilisikia umeuliza, nimechelewa."

Akafuta uso kwa pindo la khanga. Halafu, kwa sababu salamu lazima igeuzwe, akauliza, "Na wewe huko, baba, umeamkaje?"

Tukakaa. Treni ilipita mbali ikaisha. Kuku mmoja akasogelea ungo, mama hakumfukuza. Niliiacha simu irekodi mpaka mama mwenyewe alipochukua ungo tena.

Hiyo ndiyo outro yangu. Ina dakika sita na iko mwisho wa kila kipindi. Haimwombi mtu afanye lolote, na nadhani wengi huwa wameshaondoka kabla haijafika katikati.

Yule kijana alipoisikia mara ya kwanza alikuja dukani na vidude vyake vya masikioni mkononi, akaongea taratibu.

"Dada, nzuri sana. Ila pale mama anapouliza, baadaye kuna ukimya kama dakika nzima. Ulisahau kukata?"

"Sikusahau," nikamwambia. "Babu huwa hajibu haraka."