Mkate wa Askari Nilioutupa

Mwaka ule wa barakoa na kufungiwa ndani, nilikuwa namhudumia bibi mmoja nyumbani kwake, mtaa wa Auburn, huku ughaibuni. Yeye ni Mchuvash, watu wa kando ya mto Volga kule Urusi. Mimi ni wa Kigoma. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Kwa usafi mimi sina mchezo. Wiki ya kwanza tu nilikuta juu ya friji taulo lililotariziwa, ndani yake mkate mkavu umeng'atwa upande mmoja. Uchafu gani huu, tena wakati wa korona! Nikautupa, na gari la taka likapita.

Bibi alipokuta taulo tupu, alikaa chini sakafuni. Ndipo akanieleza. Mjukuu wake, aliyemlea mwenyewe, ni askari wa jeshi la huku, na alikuwa ametumwa nje ya nchi. Kwao askari anayeondoka hung'ata mkate, kisha hutoka mlangoni kinyumenyume, uso kauelekeza ndani. Mkate humngoja. Akirudi salama, anaumaliza mwenyewe.

"Sasa atarudi kula nini?" aliniuliza.

Mimi ni mlokole, na mambo kama hayo nimezoea kuyaita ushirikina bila kupepesa macho. Siku ile niliona aibu. Nilimwomba radhi.

Siku ya tatu nilimkuta ameshaoka mkate mwingine. Akampigia mjukuu simu ya video, akamsimulia yote. Kijana alicheka sana. Bibi hakucheka. Alinisukumia mkate, ungali wa moto.

"Wewe uliyeutupa, mng'atie."

Kuvua barakoa kazini lilikuwa kosa la kufukuzwa. Nikavua, nikang'ata, kijana akitutazama kwenye simu, na ulimi ukaniungua. Bibi alikuwa ananikodolea macho. Hakuwahi kuniona uso wote.

"Kumbe una mwanya," akasema.

Tangu hapo, kila nikifika nilikuwa nautazama mkate kwanza, ndipo nimsalimie bibi. Tena nauombea, mlokole mzima! Bibi mwenyewe miguu ilikuwa imevimba, lakini nikimwuliza hali, jibu lilikuwa lile lile: nzuri.

Kijana alirudi, wakamweka karantini hotelini mjini siku kumi na nne. Alipoingia nyumbani, bibi hakumkumbatia. Alimwekea sahani. Mkate ulikuwa mgumu kama tofali. Aliuchovya kwenye chai, akatafuna taratibu mpaka ukaisha. Bibi alimtazama mdomo tu. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, barakoa imelowa chepechepe.

Kisha bibi akajaribu kusimama, akashindwa. Akamshika mjukuu wake mkono.

"Haya, nipelekeni kitandani," akasema. "Nimechoka tangu siku uliyoondoka."