Dawa ya Waliochoka

Mama alikuwa akitengeneza dawa na kuiuza nyumbani kwetu Iftin, mjini Garissa, na mimi ndiye niliyeandika karatasi za kubandika kwenye chupa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na mwandiko wangu ulisomeka. Dawa yenyewe ilikuwa shubiri, sanamaki, tangawizi na habasoda, vyote vikichemshwa katika sufuria moja mpaka maji yakolee rangi, kisha yakachujwa kwa kipande cha shuka kuukuu na kutiwa asali kidogo. Asali haikusaidia kitu. Mtu akinywa asubuhi, kufikia adhuhuri tumbo limeshamfunguka na kutoa kila kilichokuwamo.

Alijifunza kwa mama yake huko Hadado, walikochunga ngamia hadi ukame ulipowamaliza na wazazi wangu wakahamia mjini. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Kule Hadado dawa hiyo haikuwa na jina. Watu waliinywa kiangazi kilipokwisha, baada ya miezi ya kula vibaya. Wakaharisha, wakalala, halafu wakaanza kunywa maziwa mapya. Mama aliponipa kazi ya kuandika, alisema niandike dawa ya tumbo na uchovu. Mimi nikaandika: Dawa ya Ini, husafisha ini na kuondoa sumu mwilini. Nilikuwa nimesoma habari za ini shuleni na maneno yalinipendeza. Mama hakujua kusoma. Nilipomsomea alisema sawa.

Tangu hapo wateja waliongezeka. Walikuja madereva wa malori ya Mandera, wanawake wa sokoni, makarani wa ofisi za serikali, na watu wa bara waliohamishiwa kwetu wakashindwa na joto. Kabla ya kumuuzia yeyote, mama alimsimamisha mlangoni penye mwanga, akamvuta ukope wa chini na kumtazama jicho, halafu akakigeuza kiganja chake. Wengi waliondoka na chupa. Wenye macho ya manjano hakuwauzia.

Mmoja wao alikuwa mwalimu kutoka bara, kijana mrefu, macho yake ya manjano kabisa. Alikuwa ametembea juani kutoka upande wa pili wa mji.

"Wewe nagonjwa," mama alimwambia kwa Kiswahili chake. "Hii si ya wewe. Enda hosbitali."

Mwalimu akamwonyesha karatasi kwenye chupa, akauliza kama hilo si neno ini. Alidhani ananyimwa kwa kuwa si mtu wa kwetu. Mama aliichukua chupa mkononi mwake, akaiweka chini, akarudia neno lile moja, hosbitali. Mwalimu aliondoka kwa hasira. Miezi kadhaa baadaye alipita na sukari na majani ya chai, amenenepa, akamshukuru. Lakini siku ile ile ya kwanza, alipokwisha kuondoka, nilimuuliza mama kwa nini anawafukuza wagonjwa wa ini wakati dawa ni ya ini. Nyumbani tulizungumza Kisomali, na katika Kisomali mama hakutafuta maneno.

"Ini uliliandika wewe," alisema. "Dawa yangu ni ya waliochoka. Aliyechoka akiharisha na kulala siku moja, ataamka mzima. Mgonjwa ukimharisha unammaliza."

Nilimuuliza mbona basi ameacha karatasi zibaki vile. Akaniambia nikachote maji. Sikuzibadilisha, naye hakunikumbusha.

Mwaka ule wa mvua kubwa, mto Tana ulipofurika na barabara ya Nairobi kukatika, mama alianza kujikuna. Alijikuna mikono na nyayo mpaka ngozi ikachubuka. Miguu ilivimba, na gauni lililokuwa likimpwaya likaanza kumbana tumboni. Alisema ni unyevu. Asubuhi moja aliinua uso nikimmiminia chai, nikaona macho yake. Nadhani yalikuwa yamebadilika kwa siku nyingi na sote wawili tulikuwa tukiangalia kwingine.

Nilifanya jambo ambalo hadi leo siwezi kulieleza. Nilikwenda rafuni, nikachukua chupa, nikamimina dawa kikombeni na kumpelekea. Alikisukuma kikombe kwa kidole kimoja.

"Hooyo," aliniita, yaani mama, kama kwetu mama anavyomwita mtoto wake, "mimi sijachoka."

Mdogo wake alifika kutoka Hadado baada ya siku kadhaa, akipanda lori moja baada ya lingine kwenye matope. Sisi humwita habaryar, mama mdogo. Alileta maziwa ya ngamia na samli, na nia ya kumharisha mama siku saba mfululizo, kisha kumchoma kwa kijiti cha moto kwenye viganja, kama alivyochomwa mjomba wao akapona. Mama alikubali maziwa kwa sababu aliyapenda. Mengine aliyakataa. Habaryar alinuna, akaenda uani akafua nguo zote za nyumba, zikiwamo safi.

Nilimpeleka hospitalini, daktari akampapasa tumbo na kuliwekea alama kwa kalamu. Walimtoa maji ya tumboni kwa sindano, ndoo nzima na zaidi, akapata nafuu ya kupumua. Kisha daktari akaniita kando ya kitanda anieleze, nami nimtafsirie mama. Alisema ini limekuwa gumu, na kwamba chanzo ni ugonjwa uliomo kwenye damu, ambao huenda alizaliwa nao. Haukutokana na chakula wala uchafu wowote. Nilimuuliza kama kuna kitu cha kulisafisha.

"Ini ndilo linalosafisha," alisema. "Likiwa zima halihitaji msaada wetu. Likifika hapa, hatuna cha kulisafishia."

Aliongeza kwamba Nairobi wangeweza kumpima zaidi, barabara ikifunguka. Nilimgeukia mama nikamwambia kwa Kisomali kwamba daktari anasema apumzike na apunguze chumvi.

"Nimemsikia," mama alisema.

Alirudi nyumbani akaendelea kuketi mlangoni kwenye mkeka wake. Wateja walikuja bado, akawavuta ukope na kuwatazama kwa yale macho yake. Wengine waliiacha chupa waliyokwisha kuishika, wakasema watarudi kesho. Mwanamke mmoja wa sokoni aliniuliza uani kama ni dawa iliyomfanya vile. Nilimwambia hapana. Aliniambia Mungu amsahilishie, akaondoka mikono mitupu. Mwisho mama mwenyewe alisema tusipike tena.

Alifariki asubuhi, barabara ikiwa bado imekatika. Habaryar alikuwa akimsomea Kurani. Mimi nilikuwa nikiosha vikombe, nikaviosha vyote, nikavifudikiza. Wanawake walimwosha na kumvika sanda, wanaume wakambeba kabla ya adhuhuri, nasi tukabaki kwenye mikeka. Watu waliniambia maneno mazuri. Niliyasikia yote na ningeweza kuyarudia. Moyo wangu ulikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi: nauona ni wangu, lakini siuhisi. Habaryar alinitazama siku nzima akisubiri nilie. Siku ya tatu aliacha kusubiri.

Baada ya siku za msiba nilizibandua karatasi kwenye chupa zilizobaki. Nilizilowesha kwenye beseni, zikatoka kirahisi. Chupa nilimpa muuza mafuta wa jirani. Watu waliokuja kuuliza dawa niliwaambia imekwisha, na kwa mwaka mzima waliendelea kuja. Baadaye nilipata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja mjini. Habaryar alibaki kuishi nami. Alisema Hadado haina mtu anayemhitaji.

Kuna neno moja la daktari ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Alisema ugonjwa ule mama huweza kumwambukiza mtoto anapomzaa, na kwamba nije nipimwe. Sikwenda mwaka ule wala uliofuata. Nilikwenda tu siku moja, nikitoka kazini, bila kukata shauri lolote. Damu ilipelekwa Nairobi na majibu yakachukua wiki kadhaa. Nilikuwa nao ugonjwa ule. Daktari, si yule wa kwanza, alisema ini langu kwa sasa linafanya kazi yake, kwamba nirudi kila mwaka, na nisinywe dawa za miti za aina yoyote, kwa kuwa hata hizo ini ndilo litakalozibeba. Nilimshukuru. Nilitembea hadi Iftin, jua likiwa la saa saba.

Habaryar alikuwa jikoni akigeuza nyama. Nilimwambia hapo hapo mlangoni, kwa sentensi moja. Aliendelea kugeuza nyama kwa muda.

"Unaumwa mahali popote?" aliuliza.

"Siumwi."

"Basi nawa mikono, uje ule."

Nilinawa, nikaketi, tukala. Nilikula sana siku ile.