Fundi wa Kutoa Upepo

Wakazi wa Mafinga mnatangaziwa rasmi: breki za gari la mashindano la Rahul zinaguswa na fundi mmoja tu, naye hana haraka. Vidole vimempauka kwa oili ya breki. Maneno yake kazini ni matatu: "Kanyaga. Shikilia. Achia." Rahul, anayejiita Simba wa Mufindi, anatii kwa mguu kwenye pedali ya breki kama mtoto wa chekechea, mpaka upepo uishe na mpira uliochomekwa gurudumuni utoe oili isiyo na povu. Jana Simba alileta mkebe wa oili uliofunguliwa mwezi uliopita. Fundi akaukataa.

"Oili hii imeshakunywa unyevu wa ukungu, bosi. Ikipata moto itachemka, utakanyaga upepo mtupu, gari lisisimame."

Akafungua mpya, akaanza upya magurudumu yote manne.

"Fundi, kesho kwenye mashindano nashuka mteremko wa Mgololo! Ile kona ya korongoni nifanyeje?"

Fundi akafuta spana.

"Kanyaga."