Neno Ambalo Wekoye Alikataa Kutafsiri

Mume wangu Wekoye alikuwa mkalimani wa korti ya Kitale, na ugomvi wetu mkubwa nyumbani ulikuwa kamusi. Mtu anakula ugali kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kitabu! Nikimwambia, "Baba Peris, chakula kinapoa," ananijibu ati Kiingereza kina maneno mengi ya kuokoa na kila moja lina kazi yake. Mimi nilisonya tu.

Mwaka wa arobaini na nane, Wakhungu, kibarua wa shamba moja la mzungu huko Endebess, alishtakiwa kuiba mtamba wa bwana wake. Yeye alisema alimkuta akizama mtoni wakati wa mafuriko, akamvuta, akamfunga kwake. Nani angemwamini? Mnyonge hana haki. Mkewe Nanyama, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa nami benchi la nyuma. Kiingereza cha siku ile Wekoye alinieleza baadaye.

Polisi akasoma kwamba walimfanyia mtamba "recover" nyumbani kwa Wakhungu. Hakimu akasema, "Mwulize kama ni kweli."

Wekoye akakunja uso vile anavyoukunja juu ya kamusi. Jamani, sura ile nilikuwa naijua!

"Bwana hakimu, siwezi kumwuliza hivyo. 'Recover' ni kupata tena kilichopotea au kuibwa; akikubali, amejifunga mwenyewe. 'Retrieve' ni mbwa wako akikuletea ndege uliyempiga risasi. 'Salvage' ni mabati unayochomoa kwenye ghala lililoungua. Huyu alitoa kiumbe hai kifoni. Hiyo ni 'rescue'."

Hakimu akaiva uso kwa hasira. "Wewe mkalimani au wakili? Ushahidi uko wapi?"

Basi kazi imekwenda, nikawaza, na watoto watakula kamusi.

"Mwulize polisi mtamba alivaa nini shingoni," Wekoye akamjibu hakimu.

Polisi akajikuna kichwa. "Nyasi tu, bwana. Zilisokotwa. Nilikata nikatupa."

Wekoye akaeleza kwamba kwetu, ukiokoa mnyama wa mtu, unamvika kamba ya nyasi mbichi na kumfunga mahali pa wazi, mpita njia amwone, mwenyewe aitwe.

"Ulimkuta wapi?" hakimu akamwuliza polisi.

"Mbele ya nyumba, bwana. Kando ya njia."

"Mwizi gani huyo?" Hakimu akaweka kalamu chini. "Aende nyumbani."

Nanyama akasimama na tumbo lake, akapiga vigelegele korti nzima ikashtuka, kisha akamgeukia polisi na kumtukana kwa Kibukusu kuanzia utosi mpaka unyayo.

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Wekoye wangu hakupepesa jicho. "Anamshukuru polisi, bwana."