Mahindi Yangu na Mama wa Kharumwa

Juzi niliingia duka la pembejeo Kharumwa nikiwa na jani la mahindi yangu, limegeuka njano. Nikamwomba muuzaji dawa ya wadudu. Mama mmoja aliyekuja kununua mbegu akalichukua lile jani, akaligeuzageuza.

"Hapa hakuna wadudu, baba. Mahindi yana njaa, yanataka mbolea. Palizi ulisimamia mwenyewe?"

"Kwa simu," nikajibu.

Akacheka hadi akashika kaunta. Nikajitetea kwamba mimi ndiye ninayeandika mambo ya kilimo gazetini.

"Kumbe ni wewe! Mume wangu alikuwa anafuata ushauri wako," akasema, akinirudishia jani. "Ndiyo maana siku hizi shamba naamua mimi."

Nikanunua mbolea. Wakati wa kuondoka nikampa shikamoo, ingawa nimemzidi umri. Akaitikia marahaba bila kusita.