Tafadhali Gusa

Mpaka leo nikiona kibao kimeandikwa "Tafadhali gusa," damu inanichemka. Watu wananiona mwanamke mkorofi. Waache wanione hivyo.

Cha kwanza nilikiona Chang'ombe, enzi za Mwingereza, katika ukumbi ambao serikali iliujaza vyombo vya sayansi kwa ajili ya watoto wa shule. Kulikuwa na sumaku za kunyanyulia misumari, kapi za kuvutia mizigo, na kioo cha kukuzia mguu wa nzi mpaka utamani kukimbia. Tuliambiwa kila kitu ni cha kushikwa, kwa sababu mtoto hujifunza kwa mikono. Asubuhi waliingia watoto wa Kizungu, wakashika. Wakafuata wa Kihindi, wakashika. Zamu yetu sisi ilikuwa alasiri, na kwa wiki mbili nzima kabla ya siku hiyo mwalimu mkuu wetu alitufundisha jambo moja tu, namna ya kutoshika.

"Mtu asiguse kabla ya mgeni," alisema huku akijipigapiga fimbo kiganjani. "Mikono nyuma, macho chini. Sitaki kuaibishwa na watoto wa Temeke."

Shule yetu ilipewa meza moja, na juu yake mashine moja, sanduku la mbao lenye mpini wa kuzungusha na globu ndogo juu. Ukizungusha, taa inawaka. Mashine hiyo ilikuwa ya shule, lakini mwalimu mkuu aliifungia ofisini mwake chini ya kitambaa, na sijawahi kumwona mwanafunzi akifundishwa nayo. Dada yangu peke yake ndiye aliyeijua, kwa kuwa kila Ijumaa alitumwa kuifuta vumbi. Mwalimu alikuwa akitoka kwenda kunywa chai, naye dada anazungusha. Aligundua kwamba ukiifungua globu mpini unakuwa mwepesi, na ukiirudisha unakuwa mzito ghafla. "Taa inakula nguvu zako," aliniambia. Hakuna mtu aliyemwambia hivyo. Aliijua kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja akaniita dirishani, akaniingiza nami nikajaribu.

Tulikuwa darasa moja ingawa alinizidi miaka mitatu. Alicheleweshwa shule ili abaki nyumbani kunilea mie. Nalo hilo huwa linanichoma nikilikumbuka.

Siku ya maonyesho memsabu mkaguzi angechagua msichana mmoja wa shule yetu aende shule ya bweni huko bara. Baba alikwisha kusema: dada akichaguliwa, aende, asipochaguliwa, posa iliyoletwa kutoka Mwananyamala itajibiwa. Dada aliniambia waziwazi tukiwa bombani, "Mie simtaki yule bwana. Nataka kusoma, basi."

Memsabu alifika mezani kwetu na mwalimu mkuu nyuma yake. Akamtazama dada, akaionyesha mashine kwa kalamu, akasema kwa Kiswahili chake, "Jaribu."

Dada akarudi nusu hatua, akapiga goti kidogo, mkono kifuani. "Tangulia wewe, Mama."

Mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Ukikaribishwa mara moja hurukii kama njaa imekushika. Unasema ahsante, unarudi nyuma, mwenye neno anakusihi tena, ndipo unapeleka mkono. Hata mtoto wa miaka minne anajua. Lakini memsabu alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyegoma mlangoni. Akamwambia mwalimu kitu kwa Kiingereza. Mwalimu, ambaye alijua fika msichana yule alikuwa anafanya nini, akacheka kicheko chembamba na asiseme neno. Memsabu akageuka kwenda meza ya pili.

Mie nikapandwa na hasira. Niliudaka mpini nikauzungusha kwa nguvu zangu zote, na taa ikawaka mpaka memsabu akageuka. Wallahi nilitaka aone tu kwamba tunajua, kwamba dada anajua. Yeye akapiga makofi. Akaniuliza nani kanifundisha.

"Ni mimi, Mama," alijibu mwalimu mkuu kabla sijafungua kinywa.

Nami nikanyamaza. Pale pale, dada yangu akiwa amesimama ubavuni pangu mikono nyuma, nilinyamaza. Memsabu akaniuliza jina, nikamtajia, akaliandika.

Tulirudi Temeke kwa miguu. Nilingoja dada anizabe kibao. Ningeshukuru. Alisema tu, "Nilikuwa nangoja aseme tena. Angesema tena."

Nyumbani nilimweleza baba kila kitu, nikilia, kwamba anayeijua mashine ni dada. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jina likishaandikwa na Mzungu halifutwi. Hakwenda shuleni hata kuuliza. Mama akamwambia dada mvumilivu hula mbivu. Zipi hizo mbivu? Dada aliolewa kabla mimi sijapanda treni, na senti zangu za safari alizishona yeye kwenye pindo la kanga ili zisiibiwe.

Huko bara sayansi ya wasichana ilikuwa kuoka keki, kupiga pasi kola na kuogesha mwanasesere kwenye beseni. Sumaku na mashine zilikuwepo, ndani ya kabati la kioo, na ufunguo ulikaa kiunoni kwa mama mkuu. Miaka minne nilizitazama kwa macho.

Likizo ya kwanza nilikwenda Mwananyamala. Nilimkuta dada uani, mimba kubwa, anakuna nazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliacha kukuna. Hakuniuliza habari za safari. "Eti, huko wanawaacha mkashika?"

"Wanatuacha."

"Vyote?"

Alikuwa ananitazama usoni, mikono yake imejaa machicha. Nikamwambia vyote.