Tambi za Kichina kwa Maziwa Mgando

Nilipotoka vitani Burma sikutulia nyumbani. Nilizunguka Tanga, Korogwe na Moshi, kila mahali miezi michache, mpaka habari ikanifikia kwamba mama anaumwa. Nikapanda mlimani kwetu, juu ya Kijenge. Nilikuta homa imekwisha, lakini chakula hakipiti. Dada yangu mkubwa alikuwa amejaribu ndizi, uji, hata mchuzi wa kuku. Mama alionja tu, kisha akasukuma bakuli.

"Kila kitu kina ladha ya majivu," alisema. Alikuwa amekonda hata bangili zake zilipanda hadi kwenye kiwiko.

Mimi nami niliwahi kuugua hivyo kule Burma. Mchina mmoja aliyepika karibu na kambi yetu ndiye aliyenirudishia hamu ya kula, kwa tambi zenye pilipili, na mara nyingi nilisimama nikitazama mikono yake. Kwa hiyo asubuhi niliteremka mjini, nikanunua unga wa ngano, vitunguu saumu na siki dukani kwa Mhindi. Pilipili kichaa zilikuwa zimejiotea nyuma ya zizi.

Nilikanda unga kwa mayai na chumvi, nikausukuma kwa chupa, nikaukata vipande vyembamba kama kamba za viatu, nikavianika kwenye kichanja cha kahawa. Dada akasimama, mikono kiunoni.

"Wewe baba, ndiyo kazi waliyokufundisha Waingereza? Kuanika minyoo?"

"Ni tambi, dada."

"Na mwanamume jikoni! Majirani wakiuliza, nitasema unachemsha dawa."

Nilipokaanga pilipili na vitunguu saumu kwa mafuta, moshi ukatutoa wote nje tukikohoa. Nikachemsha tambi, nikazimwagia yale mafuta mekundu, siki na karanga za kutwanga. Nilichosahau ni kwamba mama hakuwahi kula pilipili maishani mwake.

Alimeza tambi ya kwanza, akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Umemuua mama!" dada alipiga kelele. Akanyakua kibuyu cha maziwa mgando, na badala ya kumpa anywe, akayamimina yote bakulini, kama tunavyomimina juu ya mahindi tukitengeneza loshoro.

Nilitazama ule mchanganyiko mweupe na mwekundu, nikaona kazi yangu imeharibika. Mama akajifuta macho kwa kanga. Akachota tena. Akatafuna polepole, akachota tena, pua inamtiririka. Sisi wawili tulimtazama mpaka kijiko kikagonga bakuli tupu.

"Hii ladha yake nimeisikia," alisema. "Ila kesho uanze na maziwa, pilipili ifuate."

Dada akachukua bakuli, akaenda nalo mlangoni kwenye mwanga, akachungulia ndani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama unga uliobaki utafika Jumapili.